Kwenda Visiwa vya Komoro na kuijua historia yake: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa zaidi na watu wa Dar es Salaam, Unguja, Mombasa na Nairobi wanaofikiria kwenda Komoro kwa mara ya kwanza. Wengi wana jamaa wa Kingazija, au wamezisikia habari za huko tangu utotoni, na hapo ndipo tatizo huanza: hudhani wanakwenda mtaa wa pili. Udugu upo, lakini nchi yenyewe ilipitia mikono mingine. Hilo utalikuta kwenye soketi ya umeme, kwenye usukani wa teksi na kwenye noti utakazorudishiwa chenji.

Komoro ni visiwa vitatu au vinne?

Kijiografia ni vinne: Ngazija, Nzwani, Mwali na Maore. Vitatu vya kwanza ndivyo Umoja wa Komoro, mji mkuu wake Moroni, ulioko Ngazija. Maore iko mikononi mwa Ufaransa, na tangu 2011 ni mkoa wake kamili. Kwenye tiketi na ramani nyingi utaona majina ya Kifaransa: Ngazija ni Grande Comore, Nzwani ni Anjouan, Mwali ni Mohéli, Maore ni Mayotte. Yashike kabla ya kununua tiketi, maana viza ya Komoro haikupeleki Maore. Hata viza ya Schengen peke yake haitoshi. Inatakiwa viza ya Kifaransa iliyoandikwa kwamba inafaa kwa Mayotte.

Imekuwaje Maore ikabaki na Ufaransa?

Ufaransa iliipata Maore kwanza. Mwaka 1841 mtawala wake, Andriantsoly, mtu wa asili ya Madagaska aliyekuwa amezungukwa na maadui, aliwakabidhi Wafaransa kisiwa. Vingine vitatu viliwekwa chini ya himaya yao mwaka 1886, vyote vikafanywa koloni 1912 na kuunganishwa na Madagaska, kisha vikatenganishwa nayo 1946.

Desemba 1974 ilipigwa kura ya uhuru. Kwa jumla ya visiwa vyote vinne, waliotaka uhuru walishinda kwa kishindo. Maore peke yake, wengi walikataa. Paris ikaamua kuhesabu kisiwa kimoja kimoja. Tarehe 6 Julai 1975 Ahmed Abdallah, aliyekuwa rais wa kwanza wa Komoro, akatangaza uhuru bila kungoja ruhusa, na Maore ikabaki ilipokuwa. Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa limepitisha maazimio kadhaa ya kuitambua Maore kama sehemu ya Komoro, hayakubadilisha kitu.

Jambo hili si la vitabuni tu. Hadi Januari 1995 Wakomoro waliingia Maore bila viza. Ilipowekwa, safari ya kwenda kwa shangazi ikawa uhamiaji haramu, na boti ndogo ziitwazo kwasakwasa zikaanza kuvusha watu usiku kutoka Nzwani, mwendo wa kilomita 70 hivi. Wengi mno wamezama. Ukikaa na watu wa Nzwani usilifanyie mzaha neno hilo. Karibu kila nyumba ina mtu wake aliyepotea baharini.

Naingiaje, na viza inagharimu kiasi gani?

Ndege hutua Hahaya, kaskazini ya Moroni. Air Tanzania huenda kutoka Dar es Salaam, Kenya Airways kutoka Nairobi, na Ethiopian Airlines kutoka Addis Ababa. Siku za safari hubadilika mara kwa mara, kwa hiyo hakikisha wiki hiyohiyo unayosafiri.

Viza hutolewa hapohapo uwanjani. Kiwango cha kawaida ni yuro 30 kwa matembezi yasiyozidi siku 45. Chukua yuro taslimu, noti safi, kiasi kamili, kwa sababu ukitoa noti ya 50 huenda dirishani wasiwe na chenji. Pasipoti iwe na uhai wa miezi sita, na tiketi ya kurudi iwe imechapishwa kwenye karatasi. Betri ya simu ikiisha kwenye foleni hutakuwa na la kuonyesha. Mwenye shaka aulize ubalozi wa Komoro ulioko Dar es Salaam kabla ya kuondoka.

Pesa gani? M-Pesa inafanya kazi?

Haifanyi kazi. Pesa ya huko ni faranga ya Komoro, iliyofungwa kwa yuro: yuro 1 ni faranga 492 kasoro senti chache, leo na mwakani. Noti ni za 500, 1,000, 2,000, 5,000 na 10,000. Shilingi ya Tanzania au ya Kenya hutapata wa kukubadilishia kwa bei ya haki, na dola hukubaliwa shingo upande. Badilisha yuro nyumbani kabla hujapanda ndege.

Mashine za kutolea pesa ni chache, nyingi ziko Moroni, na mwishoni mwa mwezi hukauka. Ukienda Mwali chukua taslimu za safari nzima pamoja na akiba ya siku mbili, kwa sababu ndege au boti ikiahirishwa utalipia kulala na kula bila kadi. Bado watu hufika Fomboni, mji mkuu wa Mwali, na kadi tu mfukoni.

Chaja yangu itaingia ukutani?

Ya Tanzania, Kenya au Uganda, yenye meno matatu bapa, haiingii. Soketi ni za Kifaransa, matundu mawili ya duara, volti 220. Nunua adapta Kariakoo au popote ulipo kabla ya kuondoka. Beba na betri ya akiba: umeme hukatika, na nje ya Moroni unaweza kukatika kwa saa nyingi. Magari nayo huendeshwa kulia, usukani uko kushoto. Mtu wa kwetu anayevuka barabara hutazama upande usio sahihi kwanza. Laini za simu ni za Comores Telecom na Yas (zamani Telma). Nenda na pasipoti wakusajilie.

Kiswahili kitanifikisha?

Moroni, sana. Wazee waliowahi kuishi Unguja, wafanyabiashara wa soko la Volovolo wanaofuata mzigo Dar es Salaam, na vijana waliosoma Tanzania watakujibu vizuri. Vijijini utasikilizana nusu. Kingazija, Kinzwani, Kimwali na Kimaore ni ndugu wa Kiswahili, lakini si Kiswahili, na ofisini kunatawala Kifaransa; fomu zote utakazojaza ni za Kifaransa.

Salamu ndizo zinazowatatiza watu wetu. Mdogo humwamkia mkubwa kwa "kwezi", naye hujibu "mbona". "Marahaba" huko ni asante, kwa hiyo ukimwambia mzee "shikamoo" ukangoja marahaba, utangoja.

Niende mwezi gani?

Mei hadi Oktoba, wakati wa kusi, mvua ni chache na jua halichomi sana. Novemba hadi Aprili ni kaskazi: joto, mvua nzito, na hatari ya vimbunga. Kenneth ilipiga kaskazini ya Ngazija Aprili 2019. Chido, Desemba 2024, iliivuruga Maore na kugusa Nzwani na Mwali.

Ila kusi nayo ina lake: Juni hadi Agosti bahari baina ya visiwa huchafuka. Na Julai na Agosti ndiyo miezi ya harusi, Wakomoro wa Ufaransa (huko huitwa "je viens") hurudi kwa maelfu, ndege hujaa na bei hupanda. Anayetaka utulivu aende Mei, au Septemba hadi Oktoba.

Nasafirije baina ya visiwa?

Kwa ndege ndogo, au kwa meli na boti. Ndege ni dakika chache, lakini ratiba ni ahadi tu; chombo kimoja kikiharibika, wiki nzima inapanguka. Usipange kurudi Ngazija siku ileile ya ndege yako ya kimataifa. Acha siku moja kamili katikati, au mbili ukitokea Mwali.

Meli za Moroni, Mutsamudu (Nzwani) na Fomboni mara nyingi husafiri usiku. Kabla ya kulipa tazama mambo mawili: majaketi ya kuokolea yako wapi (si kuambiwa yapo, bali kuyaona), na mzigo umepangwaje. Chombo kilichorundikiwa saruji na magunia juu ya sitaha, kiache. Wapo wanaovuka kwa boti za faiba kutoka Chindini, ncha ya kusini ya Ngazija, hadi Hoani, Mwali. Ni njia fupi na ya bei nafuu, lakini ni bahari kuu. Ikibidi, ondoka asubuhi mapema kabla upepo haujaamka, valia jaketi tangu ufukweni, na ukiona wenyeji wenyewe wameahirisha, ahirisha.

Naweza kupanda Karthala?

Mwenye miguu mizima anaweza. Karthala ina mita 2,361, ni volkano hai inayoibeba nusu ya kusini ya Ngazija, na bonde lake la kileleni lina upana wa kilomita tatu hadi nne. Njia inayotumika sana huanzia Mvouni, juu ya Moroni. Wapo wanaokwenda na kurudi siku moja. Tunashauri siku mbili, kulala juu kwenye hema.

Kinachowashinda watu si mwinuko, ni maji. Hakuna chemchemi wala kijito njia nzima, kwa sababu mwamba wa volkano hunywa mvua yote. Hesabu lita nne hadi tano kwa mtu kwa siku, ukijumlisha ya kupikia. Viatu viwe na soli ngumu: lava iliyopoa hukata kama chupa iliyovunjika, na raba za mjini hurudi zimechanika. Usiku huko juu ni baridi kweli, chukua sweta na koti la mvua hata kama Moroni umeacha watu wanatokwa jasho. Ondoka alfajiri, maana ikifika mchana ukungu hufunga na njia hupotea ghafla. Chukua kiongozi wa Mvouni, mkubaliane bei nzima, pamoja na mpagazi na chakula chao, kabla ya kuondoka.

Usiteremke kwenye shimo la ndani. Mwaka 1903 gesi iliyotoka mlimani iliua watu 17. Mwaka 1977 lava ilitoka ubavuni, chini kabisa, ikafunika sehemu kubwa ya kijiji cha Singani. Milipuko ya 2005 haikuleta mto wa moto mijini. Ilileta majivu, nayo yakaharibu maji ya maelfu ya watu. Jibu linalofuata litaeleza kwa nini.

Maji ni salama? Na malaria?

Ngazija haina mto wa kudumu hata mmoja. Vijiji vingi hunywa maji ya mvua yanayotoka paani na kuingia birikani, birika la saruji kando ya nyumba. Majivu yakianguka paani huingia humo. Ndege akifa paani, vilevile. Kwa hiyo chemsha, au nunua ya chupa. Nzwani ina mito, lakini hufuliwa nguo na kuoshwa vyombo humohumo. Mwaka 2024 visiwa vilipata mlipuko wa kipindupindu, usilichukulie jambo hili kirahisi.

Malaria ilishushwa sana kwa kampeni ya kuwapa dawa wakazi wote, kuanzia Mwali 2007, ila haijakwisha, hasa Ngazija. Lala kwenye chandarua. Hospitali ni dhaifu. Mwenye dawa za kila siku abebe za safari nzima na ziada.

Kwa historia, nitembelee wapi?

Moroni, anzia Badjanani, mji mkongwe ulio nyuma ya msikiti wa Ijumaa unaotazama bandari. Msikiti huo asili yake ni mwaka 1427, ingawa matao unayopiga picha ni ya baadaye. Vichochoro vyake vitamkumbusha mtu wa Unguja au Lamu nyumbani, isipokuwa jiwe ni jeusi, la volkano. Makumbusho ya taifa yako chini ya CNDRS, kituo cha taifa cha nyaraka na utafiti, na humo kuna gombesa aliyehifadhiwa, samaki wa kale ambaye wanasayansi waliamini alitoweka zama za dinosauri. Mwaka 1938 alipatikana mmoja Afrika Kusini; wa pili alivuliwa Nzwani mwaka 1952, kwa wavuvi waliokuwa wakimjua siku zote.

Ikoni, kusini kidogo ya Moroni, ilikuwa makao ya masultani wa Bambao. Juu yake kuna jabali. Mwishoni mwa karne ya 18 na mwanzoni mwa ya 19, wavamizi kutoka Madagaska walikuja na makundi ya mitumbwi kuteka watumwa, na wanawake wa Ikoni walijirusha kutoka jabali hilo wasichukuliwe. Ukitaka kujua kwa nini miji ya Ngazija ina kuta na minara, sababu ni hao.

Nzwani ndiyo yenye miji mizuri zaidi, tunasema bila kuwaonea haya Wangazija. Mutsamudu ina ngome yenye mizinga juu ya mji, kasri la Ujumbe, na vichochoro vinavyopinda hata mgeni hupotea hatua hamsini kutoka barabarani. Domoni ni mji mkuu wa zamani zaidi, na humo ndimo kaburi la Ahmed Abdallah. Meli za Kiingereza za kwenda India zilikuwa zikitia nanga Nzwani kuchukua maji na vyakula. Ndiyo maana vitabu vyao vya kale vinakiita kisiwa Johanna.

Mwali fika kwa ajili ya bahari, lakini jua ilitawaliwa na malkia, Jumbe Fatima, katika karne ya 19.

Uhusiano wa Komoro na Zanzibar ulikuwaje hasa?

Ulikuwa wa elimu, biashara na damu. Sayyid Ahmad bin Sumait, kadhi maarufu wa Zanzibar aliyefariki 1925, alizaliwa Itsandra, Ngazija. Mwanawe Sayyid Omar, naye mzaliwa wa huko, alikuwa kadhi Zanzibar, akarudi Komoro baada ya Mapinduzi ya 1964, akafia Moroni 1976. Chama cha kupigania uhuru wa Komoro, MOLINACO, kiliundwa miaka ya 1960 na Wakomoro waliokuwa Afrika Mashariki, kikafanya kazi Dar es Salaam. Na Machi 2008, Kanali Mohamed Bacar, kiongozi wa Nzwani, alipokataa kuachia madaraka, wanajeshi wa Tanzania walikuwa kwenye kikosi cha Umoja wa Afrika kilichoteremka kisiwani kumwondoa.

Ni kweli nchi ya mapinduzi? Ni salama?

Mapinduzi na majaribio yake tangu 1975 ni takribani ishirini. Ahmed Abdallah alipinduliwa ndani ya mwezi mmoja wa uhuru. Ali Soilih aliyeshika madaraka baadaye aliwafuta kazi watumishi wa serikali, akachoma nyaraka, akapiga marufuku harusi kubwa. Mei 1978 mamluki Mfaransa Bob Denard aliteremka na watu wake. Soilih akauawa, Abdallah akarudishwa, na Denard akawa mwenye nguvu nyuma ya pazia kwa miaka kumi na moja, hadi Abdallah alipouawa Novemba 1989. Denard alijaribu tena 1995, safari hii wanajeshi wa Ufaransa wakamtoa. Mwaka 1997 Nzwani na Mwali zilijitenga. Makubaliano ya Fomboni yaliziunganisha upya kwa katiba ya 2001.

Kwa mgeni, mitaa ni salama kuliko miji mingi ya Afrika Mashariki. Hatari iko kwenye siasa: Januari 2024, baada ya uchaguzi, kulikuwa na ghasia na amri ya kutotoka nje usiku. Epuka wiki za uchaguzi, na usipige picha bandari, uwanja wa ndege wala askari.

Nikialikwa kwenye harusi kubwa nifanyeje?

Nenda. Anda, harusi kubwa ya Ngazija, huchukua wiki kadhaa na akiba ya miaka: majlisi, twarabu, ukumbi wa akina mama, zifafa ya kumpeleka bwana harusi. Aliyeifanya ndiye huhesabiwa mtu mzima mbele ya mji, ana neno barazani na nafasi yake msikitini. Nyumba ni ya mke; mume ndiye anayehamia. Kwenye bangwe, uwanja wa wazee, usikae popote penye nafasi. Simama, amkia, ngoja uonyeshwe.

Mwanamume avae kanzu na kofia, mwanamke nguo ndefu na mtandio. Mavazi hayohayo ya heshima ni ya kila siku. Vazi la kuogelea liishie hotelini na fukwe zisizo na watu. Pombe hupatikana hoteli chache. Mchana wa Ramadhani usile barabarani.

Kasa wa Itsamia, nawaonaje bila kuwaharibia?

Itsamia iko Mwali, na kasa hupanda kutaga mwaka mzima. Jiandikishe kwa walinzi wa kijiji, ukae ufukweni usiku maji yakijaa. Anapotoka majini usisogee wala usiwashe tochi: akiona mwanga hugeuka na kurudi bila kutaga. Ngoja achimbe shimo. Akianza kudondosha mayai, mia moja au zaidi, hapo huwa hashtuki kirahisi, na mlinzi atakusogeza kwa nyuma, kamwe si mbele ya kichwa. Simu izimwe mwanga kabisa. Nyangumi hupita upande wa Nioumachoua kati ya Julai na Oktoba.

Nini cha kununua?

Vanila na mafuta ya mlangilangi. Vanila nzuri ni nyeusi, laini, ukiizungusha kidoleni inapinda bila kuvunjika. Vijisindano vyeupe vinavyong'aa juu yake ni dalili njema. Ukungu mweupe wa manyoya ni kuvu, rudisha. Mafuta ya mlangilangi huchanganywa na ya nazi na wasio waaminifu: dondosha tone kwenye karatasi nyeupe, ungoja siku moja. Safi huruka na kuacha alama hafifu, yaliyochanganywa huacha doa la mafuta. Chupa iende kwenye mzigo wa chini ya ndege, imefungwa kwa mifuko miwili. Magamba ya kasa na matumbawe usiguse, yatakupeleka kwa forodha.